Kijana wangu anafika miaka 18, na kila mtu ana lake la kusema

Assalaam aleikum Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Likoni, Mombasa. Kifunguamimba wangu ni mvulana, na mwezi wa tatu mwakani, Mungu akitujaalia, atatimiza miaka 18. Ana usonji, ile hali waiitayo autism. Jina hilo tulilipata akiwa na miaka sita. Kabla yake tulikuwa tumeshaambiwa ni jini la baharini, tukasomesha, tukafukiza, mamangu akauza mbuzi wake wawili, na mtoto akabaki vile vile.

Maneno anayo lakini machache, na ukimwuliza swali hukurudishia swali lako mwenyewe. Ila mwulize habari za feri! Nyumba yetu haiko mbali na kivuko, na yeye huzitambua kwa mlio akiwa kitandani: hii Kwale, hii Jambo, hii Safari. Ana madaftari kumi na moja yaliyojaa saa za feri, ipi iliondoka saa ngapi, ipi haikuonekana siku hiyo.

Tangu ana miaka minane amekuwa katika kitengo maalumu cha skuli moja ya msingi. Muhula uliopita mwalimu mkuu aliniita akaniambia mwakani nafasi hana, kijana amekuwa mkubwa, ana ndevu, wazazi wa watoto wadogo wananung'unika. Nikamwuliza, sasa aende wapi? Akanijibu, "Mama, mwombee dua."

Tangu hapo nyumba yangu haina utulivu. Babake anasema akae ndani, riziki ni ya Mungu. Nikimbishia huniuliza swali ambalo sina jibu lake: "Wewe umewahi kumwona mzee mwenye usonji?" Mama mkwe anataka aozwe. Ameshampata binti huko Kwale, yatima, hana makuu, eti atamtunza. Ami yake ana hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi, Mwembe Tayari, akasema mleteni tumjaribu. Nilimpeleka Jumamosi moja. Duka lilikuwa limefurika watu, mashine ya kukata vyuma inalia, mwanangu akaziba masikio, akasukuma rafu ya makopo ya rangi, akatoka mbio. Tulimkuta kwenye feri, anaenda na kurudi. Ami hajakasirika, lakini hajaniita tena.

Binti yangu wa pili ana miaka 14. Usiku mmoja aliniuliza, "Mama, ukifa ni mimi nitakayekaa naye?" Bibi yake ndiye aliyemwambia hivyo.

Na kuna jambo naona haya kuliandika. Huwakumbatia watu. Alipokuwa mdogo mtaa mzima ulimpendea hilo. Mwezi uliopita alimkumbatia binti wa jirani kwenye foleni ya maji, kaka zake wakaja na fimbo. Sijui kama ni kwa ajili hiyo, lakini wiki mbili hizi chakula hataki, usingizi hapati, na anajipiga shavu la kushoto mpaka limevimba. Nimeambiwa ndiyo hali yake inazidi na utu uzima.

Kila asubuhi huvaa sare mapema, husimama mlangoni akasema, "Januari hakuna. Januari hakuna." Namwambia nyamaza, maana hunikata maini.

Nifanyeje, Mwalimu? Na nikiondoka duniani?

Mama wa Likoni

Mwalimu anajibu

Waaleikum salaam mwanangu. Nianze na shavu, kwa sababu mengine yatangoja na hilo halingoji. Kijana anayejipiga upande ule ule, asiyekula, asiyelala, na shavu limevimba, mpeleke kwa daktari wa meno wiki hii. Katika miaka yangu ya kufundisha watoto hawa nimeona "hali imezidi" nyingi zikaishia kuwa jino bovu, sikio lenye usaha, au choo kilichofunga siku sita. Asiyeweza kusema "panauma" husema kwa mkono. Mwambie daktari mapema kwamba ana usonji, omba kuingia wa kwanza asubuhi kabla ya foleni, na usiku ule mchoree hatua zote: kiti, taa, mdomo wazi, kwisha, feri. Neno "feri" liwe la mwisho, na ahadi hiyo uitimize.

Maadamu tuko kwa daktari: ujana ni wakati ambapo kifafa hujitokeza kwa baadhi ya watu wenye usonji, hata kama utotoni hawakuwa nacho. Ukimwona anakodoa macho kama hayupo, au mikono inaruka yenyewe, au anaanguka, mpeleke hospitali. Ukitaka kumsomea kisomo msomee, hakuna aliyekukataza, lakini dawa ya kifafa ipo na hufanya kazi kwa wengi. Na akianguka usimtie kijiko mdomoni. Mlaze ubavu, uondoe vitu vya kumjeruhi, uangalie saa. Zikipita dakika tano, ni dharura.

Sasa tuzungumze.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mwalimu mkuu amesema, baba amesema, bibi amesema, ami amesema, kaka za jirani wamesema na fimbo zao. Kijana naye amesema maneno mawili, nawe umemnyamazisha. "Januari hakuna" si upuuzi wala si kurudia rudia tu. Amesikia kwamba skuli inakwisha, na hakuna aliyemwambia baada yake kuna nini. Mtu aliyejaza madaftari kumi na moja ya saa, umemwondolea ratiba nzima ya maisha yake ukamwachia karatasi tupu. Ningekuwa yeye ningepiga rafu mbili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumtengenezea Januari. Chukua karatasi kubwa, uipange kama yeye anavyopanga feri zake: siku, saa, kitu kinachoondoka, kitu kinachofika. Usijaze vitu vingi. Jumatatu saa mbili, hadiwea. Jumatano, soko na mama. Ijumaa, msikiti na baba. Kila siku saa kumi, kivukoni nusu saa. Mwachie nafasi mbili tupu azijaze yeye, na akiandika jambo usilolipenda, usilifute. Mpe picha tatu achague moja, kwa sababu maswali ya "unataka kufanya nini maishani" yanamshinda hata kijana wa chuo kikuu. Ibandike ukutani sasa, mwisho wa mwaka haujafika, ili Januari ikija aikute inamngoja.

Hadiwea usiiache. Tatizo halikuwa kijana wala ami, ilikuwa Jumamosi. Umempeleka mtu anayesikia injini ya feri kutoka kitandani, ukamweka karibu na mashine ya kukata vyuma. Rudi kwa ami na maombi madogo: saa moja tu, siku ya kazi, asubuhi kabla wateja hawajajaa na mashine haijawashwa. Kazi iwe moja. Misumari iliyochanganyika aitenganishe, ya inchi mbili hapa, ya inchi tatu pale, na kila mkebe ubandikwe msumari wake kwa nje ili asihitaji kuulizwa. Apewe vizibo vya masikio na kona yake ya kukimbilia, na mtu mmoja tu wa kumwelekeza, asiwe kila mpita njia ni bosi. Wiki ya nne mkiona anamaliza kabla ya saa, ongezeni kuhesabu skrubu. Na ami amlipe. Hata kama ni kidogo, amkabidhi mkononi mwake siku ile ile ya wiki. Kazi bila ujira tunaijua jina lake.

Watu wa Mombasa hawana udhuru kwa hili. Karakana za Bombolulu zimekuwapo tangu 1969, watu wenye ulemavu wakitengeneza mapambo, nguo na vinyago na kulipwa. Wengi wetu tumenunua zawadi pale. Lakini ulemavu tunaouona kwa macho tumeuzoea, huu wa kijana mrefu mzuri anayeziba masikio bado tunauita utundu.

Njia ya kwenda dukani nayo ni somo, tena kwako ni rahisi kuliko kwa wengine. Feri haimtozi nauli anayekwenda kwa miguu, na mwanao anaijua kuliko mimi na wewe. Anzeni mazoezi siku zisizo za kazi, saa nne, umati wa asubuhi ukishapungua. Wiki za kwanza mwende bega kwa bega. Kisha wewe kaa nyuma hatua ishirini, ujifanye humjui. Kisha mwache avuke peke yake, mtu wa nyumbani amngoje ng'ambo. Matatu ya Mwembe Tayari iwe hatua nyingine kabisa, usiichanganye na hii. Inaweza kuchukua miezi minane, na hiyo si kuchelewa. Mfukoni awe na kadi yenye jina lake, simu yako, na sentensi moja: "Nina usonji. Sisemi sana. Nisubiri."

Kabla ya yote hayo, nenda naye kwa askari wa kivukoni, kwa mzee wa mtaa, na kwa vijana wa boda wa stendi yenu. Wamwone uso, walijue jina lake. Mtoto wa miaka minane akipiga ukelele watu husema masikini. Kijana wa futi sita akipiga ukelele ule ule, watu hutafuta fimbo, au huita polisi.

Hapo tumefika kwenye kukumbatia, na usione haya, mamangu. Kila mzazi wa kijana kama huyu ameandika barua hii moyoni. Mwanao hajabadilika, kimebadilika kimo chake. Mtaa ulimfundisha miaka kumi kwamba kukumbatia ni vizuri, kisha siku moja ukamletea fimbo. Mpe salamu mpya badala ya kumnyang'anya ile ya zamani: nje ya mlango, mkono kifuani. Inatosha kwa mwanamume na mwanamke, kwa shangazi na kwa imamu, wala hakuna atakayeona ni kitu cha ajabu. Maneno yawe hayo hayo kila mara, "nje, mkono kifuani," na wote mfanye vivyo hivyo. Shangazi mmoja akimpokea kwa kumbatio barazani, mmerudi mwanzo.

Mengine ya mwili amfundishe babake. Kunyoa, kuoga janaba, kubadili nguo ya ndani, na kwamba kuna mambo ya mtu peke yake ambayo hufanywa mlango ukiwa umefungwa. Afundishwe pia kukataa akishikwa asipotaka, maana tunahofia sana atamfanya nini mtu, tukasahau watu wanaweza kumfanya nini yeye. Na mumeo aende kwa kaka za yule binti pamoja na mzee anayeheshimika, aombe radhi, aeleze. Asikutume wewe.

Skuli. Mwalimu mkuu hafungi mlango peke yake kwa kumwelekeza mzazi kwenye dua. Mwombe akuandikie barua ya alichosema. Wengi hulainika wakiombwa karatasi. Kisha nenda kwenye kituo cha kutathmini wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Wizara ya Elimu imekuwa navyo tangu 1984. Omba kijana atathminiwe upya na kupangiwa mahali. Mtaala wa sasa una njia ya wanafunzi wasiokwenda kwa madarasa bali kwa hatua, na hatua za mwisho ni za ufundi. Vyuo vya ufundi vya kaunti navyo viulize, ukipeleka karatasi ya tathmini mkononi. Akishaishika kazi vizuri, kuna mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, inayopima mkono wa mtu hata asiye na cheti cha skuli.

Karatasi nyingine nitazipitia haraka. Kujiandikisha na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ikiwa hamjafanya: maombi huanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha anapimwa na jopo la madaktari katika hospitali ya serikali, kwa mfano Hospitali Kuu ya Pwani. Kujiandikisha hakulipiwi, na anayekuambia mpe kitu kidogo aharakishe ni tapeli. Kitambulisho cha kitaifa: akitimiza 18 tu, mpelekeni akichukue, maana bila hicho hana laini ya simu kwa jina lake wala M-Pesa, na mshahara wa hadiwea utapita mikononi mwa watu. Alama za vidole mfanyieni mazoezi nyumbani kwa wino. Chifu umwulize kuhusu Inua Jamii, fedha za serikali za kusaidia wasiojiweza. Kwa wenye ulemavu mkubwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi, si nyingi, na huenda usiwemo orodhani mara moja, lakini asiyeuliza hayumo kabisa. Na kwenye SHA, bima ya afya ya serikali, mtu mwenye ulemavu anayekutegemea kabisa na kuishi nawe hubaki chini ya mchango wako, kwa hiyo hakikisha ameandikwa.

Kuhusu ndoa nitasema kwa adabu kwa sababu bibi ni mkubwa wangu. Mke si yaya. Yule yatima wa Kwale anatafutiwa mume au anatafutiwa kazi isiyo na mshahara? Na kijana ameulizwa? Ndoa ina ridhaa ya watu wawili, katika dini na katika sheria ya nchi, na ridhaa ni ya mtu anayejua anachokiridhia. Sisemi kamwe haitakuja siku yake. Wako watu wenye usonji walioa na kuolewa na wakazaa. Nasema si mwezi wa tatu, na si kwa ajili ya kumpumzisha bibi.

Mumeo naye mpe jibu lake. Amewahi kuwaona wazee wenye usonji, ila hakuwajua kwa jina hilo. Yule mzee wa barazani aliyekuwa anajua siku ya juma aliyozaliwa kila mtu mtaani na hataki kuguswa kanzu yake, sisi tulimwita "ana mambo yake". Na ukitaka aliyeandikwa vitabuni: mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani alieleza watoto kumi na mmoja wenye hali hii, na wa kwanza katika orodha alikuwa Donald Triplett wa Mississippi. Mtoto huyo alikua. Alifanya kazi benki miaka mingi, akajifunza kuendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafariki 2023 akiwa na miaka 89. Nisikudanganye, kwao walikuwa na uwezo, na benki yenyewe jamaa zake walikuwa na hisa. Lakini nilichokishika mimi katika habari zake ni kwamba mji wake mdogo ulimzoea, na aliyekuja kumsumbua aliambiwa na majirani aondoke. Likoni ina watu wa kutosha kwa kazi hiyo. Hisa za benki tu ndizo hatuna.

Binti yako wa miaka 14, zungumza naye leo usiku, kabla ya kulala. Mwambie maneno haya kwa mdomo wako: "Wewe ni dada yake, si mrithi wa kazi yangu. Utasoma, utaishi unapotaka, na kaka yako atakuwa na watu wengi." Kisha uwatafute hao watu wengi, isije ikawa umemwambia uongo. Ami, shemeji, mwalimu wake wa zamani aliyempenda, jirani mmoja mwenye subira. Watano wanatosha. Kila mmoja apewe jambo lake moja: huyu ampeleke kinyozi, yule amtembelee Jumapili, mwingine awe wa hospitali. Na uandike daftari la kumi na mbili, hili lako: anakula nini, anaogopa nini, akianza kutikisika afanyiweje, neno gani humtuliza. Mzazi akifa ghafla, kinachopotea kwanza ni hayo.

Upande wa sheria, Sheria ya Watoto ya 2022 inaruhusu mahakama kuendeleza wajibu wa mzazi hata mtoto akipita miaka 18, kukiwa na sababu maalumu. Ulizeni kabla ya mwezi wa tatu. Kwa mirathi mwoneni kadhi mkiwa bado wazima wote wawili. Mrithi haongezewi kwa wasia bila ridhaa ya warithi wenzake, lakini hiba mliyoitoa na kuikabidhi mkiwa hai ni mlango mwingine, na wakfu ni mwingine. Muulizeni pia nani atalisimamia fungu la kijana, maana fungu analo kama ndugu zake.

Na kesho alfajiri akisimama mlangoni na sare yake, usimwambie nyamaza. Mwambie, "Skuli hakuna. Hadiwea iko, Jumatatu, saa mbili." Umwonyeshe pale ukutani. Kisha uniandikie, nataka kujua daktari wa meno alikuta nini.